Profesa wa Betri kutoka Oli

Jina langu ni Kasimiro. Nilibatizwa katika kanisa la Ediofe, na mama yangu husema nililia kwa sauti iliyomfanya padri aharakishe maji. Sauti hiyo ndiyo inayonilisha mpaka leo. Mimi ni vijei: nakaa kando ya skrini na maikrofoni mkononi, filamu ikisema Kiingereza au Kihindi, mimi naisema kwa Kiswahili chetu cha Arua, Uganda, ili wauza nyanya na waendesha boda wajue nani anampenda nani, na nani atapigwa. Kiingereza nakijua kiasi. Kihindi sikijui kabisa. Nalisema hili mapema ili msije mkaniheshimu bila sababu.

Kibanda cha video ninachofanyia kazi kiko Oli, mtaa wa hapa Arua, karibu na mto. Ni mabati, mabenchi na pazia zito la kuzuia jua. Zamani tulitumia kanda, kisha sahani, kisha filamu zote zikahamia kwenye vidude vidogo kama ukucha, na mtu asiye na laptopu akawa si vijei tena. Nikanunua yangu kwa afisa wa shirika fulani aliyekuwa anafunga mizigo kurudi Kampala. Aliniambia, "Inafanya kazi vizuri sana." Ukweli ni kwamba ilifanya kazi vizuri sana. Hakuniambia imeshafanya kazi hiyo kwa muda gani, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujitazama kwenye kioo chake.

Hapo ndipo nilipogeuka mtaalamu wa betri. Hakuna aliyenifundisha. Niliokota neno hapa, neno pale, mengi kutoka kwa watu waliokuwa na simu za zamani zenye tochi. Nikaamini kwamba betri ni kama tumbo: lazima iishe kabisa ndipo ulishe, la sivyo inazoea kula kidogo kidogo na kuwa mvivu. Kwa hiyo, nikiwa nyumbani, niliiacha laptopu izimike yenyewe kabla ya kuichaji. Nikiwa kibandani nilifanya kinyume: niliichomeka kwenye umeme asubuhi na kuiacha hapo siku nzima, imejaa pomoni. Sikuona kwamba sheria zangu mbili zinagombana. Tena niliamini baridi ni adui yake. Mke wangu, Ayikoru, ana sweta nene la buluu alilofuma mwenyewe. Nililifanya blanketi la laptopu.

"Baba Daisy," aliniuliza siku moja, "hiyo mashine ina homa?"

"Kwa nini?"

"Imechemka kama mtoto mwenye malaria, na wewe unaifunika."

"Ni joto la afya," nilimjibu.

Joto la afya! Maneno hayo niliyatunga hapo hapo, na kwa kuwa yalisikika vizuri, nikayaamini. Hiyo ndiyo hatari ya kuwa vijei. Ukisema jambo kwa sauti nene, hata wewe mwenyewe unadhani umelisoma mahali.

Ningebaki mjinga wa nyumbani tu kama nisingekuwa na maikrofoni. Lakini nilikuwa nayo, na kati ya filamu na filamu huwa kuna nafasi ya watu kununua karanga. Nikaanza kuitumia nafasi hiyo kuhubiri. Niliwaambia watu wa Oli wasichaji simu mpaka zife. Niliwaambia wazilaze chini ya mto wa kitanda zipate joto. Waliniita Profesa wa Betri, nami nikadhani ni sifa. Simu zao zilipoanza kuzimika mchana kweupe walinijia kuomba ushauri, nami nikawaambia hawakufuata masharti kwa moyo wote.

Wakati huo wote laptopu yenyewe ilikuwa inajaribu kuniambia ukweli. Kila nilipoiwasha, kwenye kona kulitokea ujumbe mdogo wa Kiingereza uliosema nifikirie kubadilisha betri. Mimi, mtu anayelipwa kutafsiri Kiingereza, niliusoma. Nikafikiria. Nilipomaliza kufikiria, nikaufunga. Kesho yake ukarudi. Niliuona kama tangazo la wauza betri, nikauzoea kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani. Baadaye ile sehemu ya kupitishia kidole ikaanza kuinuka na kuwa ngumu kubonyeza, na laptopu ikawa inayumba mezani. Nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mguu wa meza. Laptopu ikaendelea kuyumba. Nikalaumu sakafu.

Basi, akanipigia simu mtu anayeitwa Duku. Ana kibanda cha video Koboko, mji wa karibu na mpaka, kikubwa kuliko chetu, chenye feni na friji ya soda. Vijei wake alikuwa amehamia redioni, na watu wake walikuwa wanataka sauti mpya. Akaniomba nije Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka kanisani na kula.

Koboko! Hamwelewi. Kule Oli kila mtu ananijua, hata watoto wananijua nilivyo nikiwa na njaa. Koboko ningekuwa mgeni, na mgeni anaweza kuwa mtu mkubwa kwa muda wa alasiri moja. Duku alibandika karatasi ukutani yenye picha yangu nimevaa miwani ya jua. Chini yake, kwa ombi langu mwenyewe, aliandika: Hatazami Kabla, Anatafsiri Papo kwa Papo. Huo ulikuwa mtindo wangu. Filamu nilikutana nayo mbele ya watu, kama wao. Wengine wanaita uvivu. Mimi niliita kipaji.

Jumapili hiyo niliiamsha laptopu mapema, nikaichaji mpaka ikajaa, nikaifunga kwenye sweta la Ayikoru, nikaitia kwenye mkoba na kupanda boda ya rafiki. Barabara ya kwenda Koboko ni lami nzuri, na jua lilikuwa linapiga mgongoni. Mkoba ulikuwa kifuani kwangu. Nilihisi joto likitoka ndani yake, nikaupapasa kwa upendo.

Nilipofika, nilimkuta Duku mlangoni anajifuta jasho.

"Vijei, karibu. Umeme nakwenda toka asubuhi," alisema. "Mimi iko na sola. Inveta nabeba skrini, nabeba spika na maikrofoni, nabeba friji. Basi, imejaa. Laptopu yako siwezi kuchomeka. Betri yako iko?"

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka na kumwekea mkono begani.

"Mzee Duku," nikasema, "unajua kule Oli wananiitaje?"

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa alikaa mama mmoja mwenye kitenge cha manjano, amejipanga kama mtu aliye kwake. Duku aliniambia jina lake ni Celestina, alitoka Sudani Kusini, anauza samaki wakavu sokoni, na hakosi filamu yoyote. "Huyo akicheka, wote nacheka," alisema. "Akinyamaza, mimi nafunga biashara."

Filamu ilikuwa ya Kihindi. Ndugu wawili: mkubwa polisi, mdogo mlanguzi. Mama yao anakufa mapema sana, katika wimbo wa kwanza, na kabla ya kufa anawaunganisha mikono. Nilimlilia mama huyo kwa sauti nyembamba mpaka nikaona kitenge cha manjano kikipangusa macho. Nikajua nimeshinda. Nikachapa kazi. Nilimpa polisi Kiswahili cha jeshini, cha amri fupi fupi, na mlanguzi nikampa cha mpakani: "Mutu akiuliza, sema mimi hapana iko." Watu walivunjika mbavu. Nilitupia jicho kwenye kona ya laptopu. Asilimia sitini na kitu. Nyingi mno. Nikaongeza mbwembwe.

Ikafika pale ambapo ndugu wanakutana kando ya mto. Polisi anainua bastola. Mdogo wake anafungua mikono. Muziki unapanda. Nami nikapanda nao: "Ndugu yangu! Damu yangu! Leo ama wewe, ama—"

Laptopu ikazimika.

Haikuaga. Haikushuka kutoka sitini kwenda hamsini kama mtu mstaarabu. Ilikata tu. Skrini kubwa ikawa buluu tupu, na maandishi madogo ya kusema hakuna kitu kinachoingia. Nilibonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena kwa kidole kingine, kana kwamba kile cha kwanza ndicho kilichokosea.

Lakini spika zilikuwa hai. Maikrofoni ilikuwa hai. Pumzi zangu zilisikika ukumbi mzima, nzito kama za ng'ombe. Watu wote wa Koboko walikuwa wananitazama. Na mimi mwisho wa filamu sikuujua, kwa sababu ya kile kipaji changu.

Mtu mwenye akili angesema, "Samahani, betri imekwisha." Ni maneno matatu tu. Lakini picha yangu yenye miwani ilikuwa ukutani, na Duku alikuwa amesimama mlangoni, joto la mkono wangu bado liko begani mwake. Nikafumba macho, nikasema:

"Wote wawili wametumbukia mtoni. Sasa tuko chini ya maji."

Watu wakatazama skrini ya buluu. Wengine wakaanza kuitikia kwa kichwa, kama wanaona kweli.

"Mto gani hauna samaki?" akauliza Celestina.

"Samaki wamekimbia, mama. Wamesikia bastola."

Kicheko kidogo kikapita. Nilishika kicheko hicho kama mtu aangukaye anavyoshika tawi. Nikawavusha ndugu hao mpaka ng'ambo ya mto. Walipotoka majini nguo zimelowa, bastola haifanyi kazi, na polisi amepoteza kiatu. Wakaanza kutembea kutafuta kiatu huku wanatukanana. Nikiwa nimeishiwa na jiografia ya India, nikawaleta Koboko. Walipita sokoni. Walipita kwenye stendi ya malori. Mtu mmoja kutoka nyuma akapiga kelele, "Hapo kwa malori kuna nyumba ya shangazi yangu!" Nikamwambia shangazi yake amewapa maji ya kunywa. Ukumbi ukalipuka.

Kisha nikaenda mbali zaidi ya uwezo wangu. Nilihitaji mtu wa kuwapatanisha. Nikamleta mama yao. Nilimfanya asimame mlangoni, mkono kiunoni, akiwaita kwa majina ya utotoni.

Celestina akanyanyuka kutoka benchini. "Ngoja. Ile mama si nakufa mwanzo? Wewe mwenyewe nalia!"

Nilisahau. Naapa, nilimzika mwenyewe, tena kwa machozi, nikasahau.

"Alikuwa... amezimia," nikasema.

"Na kuchomwa moto je? Si walimchoma, na wimbo?"

"Walimchoma mtu mwingine. Ilikuwa makosa ya hospitali."

Nilidhani hapo nimekwisha. Lakini Celestina alinitazama kwa muda, kisha akakaa taratibu na kurekebisha kitenge chake. "Haya," alisema. "Mama arudi. Awafanye nini sasa?"

"Awapige makofi," nikasema. "Kila mmoja lake. Halafu awaambie waingie ndani, chakula kinapoa."

Hawakucheka. Walipiga makofi, na wengine miguu, mpaka mabati yakatetemeka. Nikaweka maikrofoni chini. Shati langu lilikuwa limelowa kana kwamba nami nimetoka mtoni.

Ingeishia hapo, leo ningekuwa naisimulia hadithi hii kifua mbele. Lakini umeme ukarudi. Feni ikaanza kuzunguka. Duku, kwa wema wake wote, akachukua chaja yangu na kuichomeka ukutani, laptopu ikafufuka, naye akairudisha filamu pale pale ilipofia: bastola imeinuliwa, mikono imefunguliwa.

"Tuone vizuri sasa," alisema Duku.

Tukaona vizuri. Polisi akafyatua. Mdogo akaanguka. Akafa polepole, wimbo mzima, na polisi akavua beji yake akaitupa mtoni. Hakuna mama. Hakuna makofi. Mimi nilitafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Taa zilipowaka, watu walitoka kimya, na waliopita karibu nami hawakunitazama. Kijana mmoja mrefu aliniambia, "Wewe natudanganya," kisha akageuka na kuongeza, "lakini yako iko mzuri kuliko yao."

Celestina alibaki benchini. Nikakusanya waya zangu ili nipate kitu cha kufanya.

"Vijei," aliniita. "Betri nakufa, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi najua toka mwanzo. Hata friji yangu ya zamani ilikuwa inakata hivyo." Akasogea kidogo benchini. "Mimi iko na kaka. Tuliachana ng'ambo ya mpaka, tumegombana kwa maneno ya kijinga, halafu vita ikaja. Mpaka leo sijui yuko wapi. Ile mama yako ilipokuja pale mlangoni, mimi nilisema kwa roho, haya, hata kama ni uongo, acha awapige."

Nilimwomba radhi kwa sababu ya mwisho ule wa kweli. Akasema mwisho ule sikuutengeneza mimi, nisijibebeshe mzigo wake.

Nyumbani nilimweleza Ayikoru kila kitu, isipokuwa sweta. Akauliza habari za sweta. Kesho yake alinishika mkono, kwa maana halisi, akanipeleka mjini kwa Mindra, dada mmoja anayetengeneza simu na kompyuta. Mindra alifungua mashine kwa bisibisi yake ndogo, akainua kifuniko, na sote tukainama kutazama. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Ndiyo iliyokuwa imeisukuma juu ile sehemu ya kupitishia kidole. Ndiyo iliyokuwa inaiyumbisha laptopu. Sakafu yetu haikuwa na hatia.

"Usiiguse na kitu chenye ncha," alisema Mindra, akaitoa kwa uangalifu na kuiweka mbali kwenye bati tupu. "Ikitoboka inawaka moto. Uliibeba namna gani?"

"Kifuani," nikasema. "Kwenye sweta."

Ayikoru alinitazama, akatazama kifua changu, akafanya ishara ya msalaba.

Mindra aliniuliza ninavyoichaji, nami nikamweleza, kila neno likizidi kuwa dogo mdomoni. Hakunicheka sana. Alikiri kwamba hata yeye zamani alikuwa akiziacha mpaka ziishe, kwa sababu betri za zamani zilitaka hivyo. Hizi za sasa hazitaki. Zinapenda kukaa katikati: usizingoje zife, wala usiziweke zimejaa siku nzima kwenye umeme. Tena joto ndilo linaloziua haraka kuliko chochote. Na betri ikishazeeka, ile namba ya kwenye kona haiaminiki. Inasema sitini kama mzee anavyosema bado ana nguvu za ujana, mpaka umpe gunia abebe.

Aliweka betri mpya, akafungua mahali fulani kwenye mashine na kuiamuru iache kuchaji ikifika asilimia themanini ninapokuwa kibandani. Siku ya safari naruhusiwa kuijaza. Mahali hapo pa kuamuru palikuwepo miaka yote. Nilikuwa nimewahi hata kupafungua, nikidhani ni pa kubadilisha rangi.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Ilibidi nishike maikrofoni mbele ya watu wa Oli, wakati wa karanga, na kuwaambia kwamba kila nililowafundisha wafanye kinyume chake. Nilitegemea hasira. Walicheka mpaka filamu ya pili ikachelewa. Kumbe wengi walikuwa wameshaacha kunisikiliza siku nyingi. Waliniuliza tu ili wanisikie nikijibu. Kuhusu lile jina la Profesa, naomba tusiendelee.

Duku alinipigia tena. Watu wake wanataka filamu yenyewe kwanza, alisema, halafu azime skrini, mimi nitoe mwisho wa pili. Sasa naenda mara kwa mara. Filamu naitazama kabla, nyumbani, na Ayikoru kando yangu ananiambia nani amekwisha kufa.

Mara ya mwisho ilikuwa filamu ya daktari aliyemwacha mchumba wake kijijini. Nilitoa mwisho wa pili niliouandaa kwa makini. Daktari anarudi, harusi, ng'ombe, nderemo. Celestina akanyanyua mkono.

"Hapana," alisema. "Ile mwanaume ilimwacha msichana siku zote hizo, halafu inarudi inakula harusi? Leta hiyo kitu."

Akaja mbele, akachukua maikrofoni kutoka mkononi mwangu, akaanza. Kwake msichana alikuwa na duka lake mwenyewe, na daktari alipokuja alisimama foleni kama wateja wengine, akafika mbele, akaulizwa anataka nini, akashindwa kusema. Watu walisahau hata kutafuna. Sikuwa na kazi tena pale mbele, kwa hiyo nilitafuta nafasi, nikabanana kati ya yule kijana mrefu na yule mtu wa shangazi wa kwa malori, nikasikiliza. Ulikuwa mwisho mzuri kuliko wangu. Nilikasirika kidogo, kisha nikanunua karanga.